Kuni Kavu Mwaka wa Mvua

Okech alizikwa kisiwani kwao Mfangano, katika boma lake linalotazama maji, na mimi nilifika siku iliyofuata, watu wengi wakiwa wameshaondoka na vijana wakikunja maturubai. Habari nilikuwa nimezipata mapema. Kilichonichelewesha hakikuwa barabara wala boti. Nilikaa nyumbani kwangu Migori siku nzima nikitafuta sababu ya kutokwenda, na nilipoikosa nikavaa koti nikaenda, nikijua nimeshachelewa. Nadhani kuchelewa ndiko nilikokutaka. Watoto wake walinipokea vizuri. Mmoja wao, mwanamume mwenye mvi za kwanza kwanza, alinishika mkono akasema, "Wewe ndiye Mwita wa boila. Mzee alikuwa anakutaja." Sikumwuliza alikuwa ananitaja vipi. Waliniweka kwenye kiti kivulini mwa nyumba, wakaniletea chai, na kwa muda mrefu nilikaa pale nikilitazama kaburi jipya na kuufikiria mwaka mmoja tu, mwaka wa kabla ya Uhuru, mimi na Okech tulipokuwa vijana na kazi yetu ilikuwa kuchemsha maji.

Nimefanya kazi na boila maisha yangu yote. Nimetunza zinazokula makapi ya miwa, zinazokula kuni, na za siku hizi zinazokula mafuta na kuwashwa kwa kidole. Ile ya kwanza ndiyo ninayoikumbuka mpaka vyuma vyake. Ilikuwa katika hospitali ya misheni, ufukweni, upande wa Homa Bay. Jina lake sitalitaja, maana wengi waliofanya kazi pale wameshakufa na hawawezi kunisahihisha. Boila ilikaa nyuma ya hospitali katika nyumba ya mabati, nene kama tangi la lori, imelazwa juu ya matofali, mlango wa moto mbele na dohani ndefu nyuma. Mvuke wake ulikwenda mahali pengi kwa mabomba yaliyofungwa magunia: jikoni, chumba cha udobi, bafu za wodi, na zaidi ya yote chumba kidogo karibu na thieta, ambako nguo za upasuaji, mikasi na visu vilipikwa kwa mvuke mpaka visiwe na uhai wowote wa kidudu. Bila mvuke, daktari hapasui. Hilo Bruda alinieleza siku ya kwanza. Bruda alikuwa Mzungu mwembamba aliyesimamia karakana, na alinichukua kwa sababu nilikuwa nimetoka sekondari na ningeweza kusoma kitabu cha mashine. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kuni zinapatikana, kuangalia vali na mabomba, na kumsaidia Okech, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye moto.

Okech alikuwa amefundishwa kazi na fundi Mhindi katika jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Alinizidi miaka michache, mrefu, mwenye mabega ya kupiga kasia, na hakuwa mtu wa haraka. Asubuhi alifungua mlango wa majivu, akayakokota nje, halafu akasimama mbele ya kioo cha maji, kile kibomba cha kioo kinachokuonyesha maji yamefika wapi ndani ya boila. Maji yakiwa chini ya alama, alisema, huwashi moto, hata daktari mwenyewe akija na bunduki. Kisha tulifungua vali ya chini ili maji ya chini yatoke kwa kishindo pamoja na tope lake, kwa sababu maji yetu yalikuwa ya ziwa na tope halikosekani. Hiyo tuliita kuitapisha boila. Tusipoitapisha, ndani ya chuma hujijenga ukoko kama ule wa sufuria ya ugali, na chuma chenye ukoko hupata moto kupita kiasi na kupasuka. Mara kwa mara tuliizima kabisa na kuyapiga brashi mabomba ya moshi, na siku hiyo nilitoka mweusi kuanzia nywele hadi kucha, na wanawake wa udobi walisema shati langu hawalipokei, litayatia mashuka ya wagonjwa masizi.

Kati yetu na udobi palikuwa na ukuta wa bati tu, na kila kilichosemwa upande wa pili tulikisikia. Wanawake walizungumza Kijaluo, na Okech alinitafsiria yale aliyoona yananifaa. Baada ya miezi kadhaa nikawa naelewa mwenyewe, ila sikuwaambia. Walisema kwamba Mkuria yule mdogo, yaani mimi, ana soksi nzuri kuliko meno. Walisema Achieng', mke wa Okech, ameolewa na mwanamume mwenye wake wawili, mmoja wa chuma. Na Achieng', aliyekuwa akipiga pasi pale pale, aliwajibu kwamba yule wa chuma hali sana kumshinda mama mkwe wake, na wote wakacheka, na Okech upande wetu akajifanya anakaza nati. Kati yangu na Okech ulikuwa utani wa namna nyingine. Kila ng'ombe alipopotea popote pale Nyanza Kusini, aliniuliza kwa upole nililala wapi jana. Nami nilimwuliza kama kwao wanajua kwamba kuna nyama isiyo na magamba. Tulizungumza Kiswahili, kwa kuwa hakuna aliyekijua vizuri cha mwenzake, na Kiswahili chetu wote wawili kilikuwa cha kuazima.

Tulikula pamoja. Asubuhi tulizika viazi vitamu katika majivu ya moto na kuvila na chai ya rangi. Mchana Achieng' alileta nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa mpaka yakalegea, katika bakuli la bati lililofunikwa kwa sahani. Mwanzoni alileta bakuli moja. Siku moja akaleta mawili, akaniwekea moja bila maneno, na tangu hapo akaniita shemeji. Alikuwa msichana wa upande wa Asumbi, amesoma kwa masista miaka michache, mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini. Alikuwa mjamzito.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila mtu pale hospitali alilijua. Achieng' alikuwa ameshapoteza watoto wawili. Wote walikufa wakati wa kuzaliwa, kisiwani, baada ya yeye kuhangaika kwa siku nyingi. Safari ya pili walimvusha hadi hospitali akiwa nusu mfu, na Sista mkunga aliyempokea alimwambia Okech waziwazi kwamba njia ya mke wake ni nyembamba, kwamba mtoto wa tatu lazima atolewe kwa kisu, na kwamba asimpeleke tena mbali na thieta tumbo likishakua. Okech alirudi kisiwani, akauza nyavu zake, akaja kuomba kazi yoyote. Mshahara wa jineri ulikuwa bora kuliko wa misheni, na jineri walimtaka. Alibaki kwetu kwa ajili ya kitanda kimoja katika wodi ya wazazi. Aliniambia mwenyewe, akiegemea koleo, kwamba wengine wanachoma kuni ili wagonjwa waoge. Yeye anachoma kuni ili siku ya mke wake ikifika mvuke uwepo.

Halafu mvua ikaja na haikuondoka. Watu wa umri wangu wanaukumbuka mwaka huo kwa ziwa. Lilipanda polepole kama maji katika beseni, likameza mashamba ya ufukweni, likaingia nyumba za watu, likalifunika gati, mpaka mitumbwi ikawa inafungwa kwenye miti iliyokuwa katikati ya shamba la mihogo. Uwanja wetu wa kuni ulikuwa upande wa chini. Asubuhi moja tulikuta magogo yanaelea. Tulihamisha tuliyoweza, lakini zote zilikuwa zimelowa, na zilizoletwa na mikokoteni zilikuwa mbichi kama mboga. Kuni mbichi ni adui wa boila. Moto wote unakwisha kwa kukausha kuni yenyewe, moshi unayajaza mabomba masizi, na mshale wa saa ya kupimia mvuke unapanda kidogo, unasita, unarudi. Tulipuliza, tulikausha vipande juu ya mgongo wa boila, tulichoma hata masanduku ya dawa. Siku moja mshale ulishuka wakati nguo za thieta zinapikwa, na daktari akakataa kuzitumia. Mama aliyekuwa akisubiri kupasuliwa alipakiwa kwenye lori kupelekwa Kisii. Barabara ilikuwa imekatika. Lori lilirudi naye jioni, na hakuwa hai.

Okech alisimama nje ya nyumba ya boila akimtazama akiteremshwa. Sikumwuliza alikuwa anafikiri nini. Tumbo la Achieng' lilikuwa limeshashuka, na Sista alikuwa amemwambia aache kazi ya pasi.

Bruda alinituma nitafute kuni kavu popote, hata kwa kubomoa daraja. Nilikuwa na mtu wangu, Marwa, Mkuria mwenzangu mwenye ng'ombe na mkokoteni, na yeye ndiye aliyeziona. Juu ya kilima, mbali kidogo na barabara, palikuwa na boma lililoachwa. Mwenyewe alikuwa amekufa zamani na wanawe wamehamia Tanganyika. Boma la namna hiyo Wajaluo huliita gunda. Ua wa minyaa ulikuwa umegeuka msitu, nyumba zimeanguka, lakini ndani yake, chini ya mabati yaliyobaki na majani mazito, zilikuwepo nguzo, boriti na magogo ya mti wa ober, mgumu, mkavu kama mfupa. Marwa aliniuliza kama nina hakika. Alisema watu wa pale hawagusi. Nilijua hawagusi. Okech mwenyewe alikuwa ameniambia, siku moja tulipopita karibu, kwamba mti wa gunda ya watu wengine hauingii jikoni kwako. Ukiuchoma unaiita chira nyumbani, na chira kwao ni ile laana isiyopiga kelele, inayomaliza mtu na watoto wake pole pole kwa ajili ya mwiko uliovunjwa. Nilimwambia Marwa apakie.

Okech alipoziona hizo kuni aligonga moja kwa nyuma ya shoka, ikalia kama kengele, na uso wake ukafunguka. Aliniuliza, "Hii kuni imetoka wapi, omera, ndugu yangu?"

"Ogwedhi," nilisema. "Kuna mtu anasafisha shamba."

Ogwedhi ni mbali, karibu na Umasaini, mahali pa soko la ng'ombe, na alilipokea hilo kwa utani wake wa kawaida, akisema kumbe kuna siku Wakuria hurudi na kitu kisicho na mkia. Nilicheka naye. Siku hiyo sikuona ubaya wowote katika nilichofanya. Nilikuwa nimemwona yule mama akiteremshwa kutoka kwenye lori, na niliamini, na hata leo naamini, kwamba kuni ni kuni. Nilijiambia kwamba namdanganya kwa faida ya mke wake. Hilo lilikuwa kweli kwa kiasi, na ndiyo sababu lilinikaa kirahisi.

Kuni zile ziliwaka vizuri ajabu. Mshale ulipanda asubuhi na kukaa ulipotakiwa. Bafu zilipata maji ya moto, daktari aliacha kuja kwetu na uso wa mvua, na Sista alipanga wiki ambayo angemlaza Achieng' wodini. Wanawake wa udobi walirudia kuja kuchukua makaa yetu kwa ajili ya pasi zao, na Achieng', ambaye alikuwa amekatazwa kazi lakini hakuweza kukaa bure, alikuwa mmoja wa waliokuja na karai. Marwa alileta mikokoteni mingine. Kama ningefunga mdomo wangu wiki mbili zaidi, sura hii ya maisha yangu ingekuwa fupi sana.

Jumapili moja baada ya misa nilikuwa nyumbani kwa Okech, katika nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja chenye pazia katikati. Palikuwa na wageni wawili, mpishi wa hospitali na jamaa mmoja wa kisiwani aliyekuja kuuza samaki. Achieng' alikuwa amepika samaki wa ngege kwa nyanya na kitunguu, mchuzi mwepesi ambao nimeutafuta tangu wakati huo katika hoteli nyingi bila kuupata. Mazungumzo yakaangukia mtoto wa mfagizi wa wodi, aliyekuwa akikonda bila dawa kumsaidia. Mpishi alisema ni chira. Baba yake alivunja mwiko fulani wa kujenga boma. Nilisema ni minyoo. Jamaa wa kisiwani aliniuliza kwa heshima kubwa kama huko sekondari wanafundisha minyoo, na wote wakacheka. Okech naye alicheka, hakuwa na nia mbaya. Alisema nisiulizwe sana, Mwita anajua kusoma kitabu cha boila, kitabu cha watu bado. Wakacheka tena, na safari hii kwa muda mrefu.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini. Sisemi hivyo kujitetea. Nasema ili ieleweke kwamba kicheko kile kiliniuma kuliko kilivyostahili. Nikaweka tonge chini. Nikasema, "Okech, wiki hizi zote unachoma kuni ya gunda. Ile ya kilimani. Imekupata nini? Mke wako huyu hapa, ana afya. Chira yako iko wapi?"

Nilitegemea mabishano. Nilikuwa hata nimetayarisha maneno yatakayofuata. Okech alinitazama kwa muda kama mtu anayesubiri mwisho wa utani, na alipoona mwisho haupo akavuta beseni la maji akanawa mikono, chakula chake kikiwa bado sahanini. Wageni nao wakanawa. Achieng' alikuwa amesimama karibu na pazia na bakuli la mchuzi. Aliliweka chini, akaingia nyuma ya pazia, na hatukumsikia tena.

Asubuhi yake nilimkuta Okech ameukokota moto wote nje ya tanuru na kuumwagia maji. Boila ilikuwa inapoa. Hakupiga kelele wala hakunitukana. Alimwambia Bruda kwamba anamchukua mke wake nyumbani Mfangano. Alieleza kwa utulivu: maji ambayo mtoto ataogeshwa, nguo atakayofungwa, kisu kitakachomfungulia njia, vyote vimepita katika moto ule. Bruda alikasirika na kusema mambo kuhusu ushenzi ambayo hayakusaidia. Sista alifanya vizuri zaidi. Alikaa naye kwenye benchi nje ya wodi, akamkumbusha watoto wale wawili, akamwambia kwamba mtoto huyu akiwa kisiwani atakwama kama wenzake. Okech alisema anaelewa. Alisema yeye hana hakika na kisu wala na kisiwa, lakini kisiwani hakuna kitu alichokivunja.

Mimi nilifanya nilichojua kufanya. Nilimwaga maji yote ya boila, nikaingia ndani kupitia tundu la juu na kukwangua chuma mpaka vidole vikatoka damu. Nilifagia tanuru hadi tofali la mwisho, nikazika majivu mbali. Bruda, ambaye hasira yake ilikuwa imekwisha, alikwenda jineri akarudi na lori la makapi ya pamba, makavu, kutoka ghalani, kitu ambacho tungeweza kukiomba tangu mwanzo kama kuna mtu angeketi akafikiri. Nilimwita Okech aje aone. Alikuja mpaka mlangoni, akainama, akatazama ndani ya tanuru safi, akayatazama magunia.

"Ni makapi ya jineri," nilimwambia. "Hakuna hata kijiti cha kule. Naapa."

Alisema, "Pengine ni kweli. Lakini nani ataniambia imetoka wapi? Wewe?"

Hakulisema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kama kuna mtu mwingine wa kumwuliza. Hakuwepo. Bruda hakujua kuni zilitoka wapi mpaka Jumapili ile, na Sista hakujua chochote kuhusu kuni. Pale hospitali, kwa nilivyojua, mtu pekee aliyejua kilichokuwa kinaingia katika moto ule nilikuwa mimi.

Waliondoka na mtumbwi wa yule jamaa wa samaki. Nilibeba godoro lao hadi kwenye maji, kwa sababu gati lilikuwa limezama na ilibidi kuingia mpaka kiunoni. Achieng' aliketi katikati juu ya furushi, akiwa amejifunga leso mbili. Hakuwa amesema neno lolote tangu Jumapili, si kwa Sista wala kwa mumewe kwa kadiri nilivyosikia. Nilidhani anakubaliana naye. Sote tulidhani hivyo. Okech alinishukuru kwa godoro.

Habari zilitufikia baada ya muda kupitia wauza samaki. Mtoto alikuwa msichana. Alikwama, kama Sista alivyosema, na alipotoka alikuwa ameshakufa. Mama alipona, lakini waliomhudumia walisema hatazaa tena. Niliizima boila siku hiyo, nikasema vali inavuja, nikakaa ndani ya nyumba ya mabati bila kufanya kitu. Mwaka ulipokwisha niliacha kazi. Bruda aliniandikia maneno mazuri ya kunitambulisha kwingine, na kwa maneno hayo nilipata kazi zote zilizofuata.

Okech nilionana naye mara moja tu baadaye, miaka mingi imepita, kwenye soko la Homa Bay. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akaninunulia soda, akaniuliza kama ni kweli siku hizi boila zinajiwasha zenyewe. Alisema ameoa mke wa pili na ana watoto, wa kiume na wa kike, na kwamba Achieng' ndiye anayewalea kuliko mama yao. Nilikuwa nimebeba maneno ya kuomba msamaha kwa miaka yote hiyo. Tulizungumza juu ya soda, bei ya samaki na goti lake. Tukaagana. Nilijiambia kwamba yeye mwenyewe hakutaka tuliguse jambo lile, na labda ni kweli, lakini sikumpa nafasi ya kulikataa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyawaza kivulini, chai ikiwa imepoa mkononi, Achieng' alipotoka ndani. Amekuwa mdogo zaidi, anatembea na fimbo, na sauti ni ile ile ya chini. Watoto wale, ambao si wa tumbo lake, walimletea kiti na kumwita mama. Alikaa karibu nami, tukasalimiana, nikampa pole ya msiba. Akaniuliza kama nimekuja kwa ajili ya mazishi au kwa ajili ya lile jambo letu. Nikasema kwa yote mawili. Nikaanza kusema kwamba sikuwahi kumwomba Okech msamaha, na kwamba sasa haiwezekani tena.

"Wacha ya Okech," alisema. "Okech alimaliza na wewe zamani. Alikuwa anasema, Mwita alikuwa kijana mjinga na mimi pia. Lakini mimi hakuna mtu aliniuliza."

Nikamwambia namwuliza sasa.

Alitazama mbele, kule kwenye maji, akasema polepole, akitafuta Kiswahili chake cha zamani. Alisema siku ya pili ya kuni zile alikuja kwetu na karai kuchukua makaa, Okech akiwa nje kwenye pampu. Katika rundo akaona nguzo ya zizi, iliyolainishwa na migongo ya ng'ombe kwa miaka mingi. Hakuna mtu anayesafisha shamba jipya akapata nguzo ya zizi. Akajua ni ya gunda, na akajua ya gunda gani.

"Nilifungua mlango wa moto nikaisukuma ndani mwenyewe, kabla Okech hajarudi akaiona," alisema. "Nilikuwa naogopa, shemeji. Usifikiri nilikuwa siogopi. Lakini kurudi kisiwani na tumbo lile niliogopa zaidi. Nilitaka kile kitanda."

Nikaiweka chini ile chai iliyopoa.

"Wewe ulisema uongo, mimi nikakusaidia kuubeba. Halafu ukautua kwenye meza yangu, samaki wangu bado ni moto, na hata hukunitazama."

Nimejaribu kukumbuka kama nilimtazama Jumapili ile. Namwona karibu na pazia na bakuli la mchuzi, lakini uso wake sina. Miaka hii yote nimekuwa nikijihesabia makosa yangu, nami nilidhani nimeyahesabu kwa uaminifu: nilimdanganya Okech, nilimwumbua Okech mbele ya wageni wake, nilimkosesha Okech mtoto. Aliyekuwa alale katika kitanda kile sikuwahi kumweka katika hesabu hiyo.

Nikamwambia, "Nisamehe, Achieng'."

Alichora chini kwa ncha ya fimbo. Halafu akasema, "Haya. Hiyo samahani ya leo ni yangu," na akamwita mmoja wa wajukuu alete maji, mgeni anawe mikono ale.